Jinsi Nilivyochora Banda la Mzee Javan

Jumatatu, 3 Februari 1997

Nimenunua daftari. Watu wakubwa wote huandika shajara, na sitaki siku nitakapoulizwa nilianzaje niwe nimesahau tarehe. Basi: mimi ni Maroa, mzaliwa wa Kehancha, mkazi wa Homa Bay, mchoraji wa ramani kwa kompyuta. Katika mji huu mzima tuko mmoja.

Habari za nyumbani kwanza, ili zipite. Leo ni siku ya kumi na moja bila Adhiambo. Alienda kwao Rangwe baada ya kuingia ndani na kukuta kompyuta imekaa pale pa cherehani yake. Nilimweleza vizuri. Nilisema cherehani hushona nguo moja moja, lakini kompyuta inaweza kuchora mji mzima bila kuinuka. Aliniuliza mji huo utavaa nini. Alifunga leso zake, akachukua na pasi. Jamaa niliyebadilishana naye, Ken, aliipata mashine hiyo kwenye mradi wa maji uliofungwa, na mama yake alikuwa anataka cherehani. Kila mtu alifurahi isipokuwa mwenye cherehani.

Sharti lake ni moja: atarudi siku nitakapopata kazi ambayo baba yake anaweza kumweleza jirani. Hii ya sasa mzee amejaribu kuieleza mara mbili, na jirani akauliza kama inatibika.

Sasa habari njema. Mzee Javan ametoa kipande cha ardhi yake kule chini karibu na ziwa kiwe bustani ya watu wote, na katikati anataka banda la kupumzikia, la mviringo, la nyasi, litakaloitwa kwa jina lake. Kamati ya bustani, ambayo yeye mwenyewe ndiye mwenyekiti, imetangaza mashindano ya mchoro. Mshindi atasimamia ujenzi, kisha ataajiriwa kufundisha uchoraji katika chuo kidogo cha ufundi ambacho kamati hiyohiyo inakiendesha. Mwalimu. Neno hilo hata jirani wa Rangwe analijua.

Tumejiandikisha wawili tu. Mwenzangu ni Gichana Bichage, fundi wa mbao kutoka Kisii, ambaye huchora mchangani kwa kijiti kisha hufuta kwa kiatu. Namwonea huruma. Nimemwandikia Adhiambo kwamba aanze kukunja nguo.

Jumanne, 4 Februari

Kitabu changu cha chuoni kinasema mchoraji hodari haanzi na kalamu, huanza na uchunguzi wa mahali. Jua linatoka wapi, upepo unavuma wapi, ardhi inateremka wapi, watu wanapita wapi. Nilifika saa mbili na tepu ya kupimia, dira, kamba, na vigingi kumi na viwili nilivyochonga mwenyewe.

Mama Truphena, anayekaanga samaki wa mbuta pembeni mwa uwanja ule, aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nachunguza mahali. Akauliza kwa niaba ya nani. Nikamjibu: kwa niaba ya sayansi.

Sasa naona ningejibu vingine. Watu wa hapa wameumwa na nyoka, wanaogopa hata ung'ongo. Wanajua kwamba mtu akionekana kwenye uwanja wa umma na tepu, mwezi ujao kuna ua wa mabati na mlinzi asiyejua Kiswahili. Nilikuwa napigilia kigingi cha saba nilipogeuka na kuona cha kwanza hadi cha sita vimeng'olewa. Vilikuwa chini ya karai ya Mama Truphena vinawaka. Akina mama kama ishirini walikuwa wamesimama wakinitazama, mikono kiunoni. Mmoja aliuliza mbona wanyakuzi wa ardhi wa siku hizi hawavai hata suti.

Nilijaribu kuwaonyesha kitabu. Kitabu nacho nusura kiende kwenye moto.

Na nani alikuwa ameketi kwenye kibao cha Mama Truphena muda huo wote, anachambua miba? Gichana. Anakula samaki na kuwauliza akina mama mchana huwa wanapenda kukaa wakiangalia wapi, na wazee wao walijenga vipi. Porojo tupu. Hakupima hata inchi moja. Aliniita nikae nile naye. Nilikataa kwa heshima, kwa sababu mshindani ni mshindani.

Matokeo ya uchunguzi, siku ya kwanza: mteremko upo. Upepo upo. Watu wapo, tena wakali.

Jumatano, 5 Februari

Mbinu mpya. Nilivaa kofia ya shemeji na kujifanya mteja. Nilipima uwanja kwa hatua, nikinunua samaki kila nifikapo mwisho ili nisishukiwe. Urefu: hatua sitini na nne. Upana: hatua arobaini na moja. Samaki: watano. Wa mwisho nililazimika kumla nikiwa nimesimama, kwa kuwa tumbo lilikuwa limekataa kukunjika.

Mama Truphena alinitambua tangu samaki wa kwanza. Alisema kofia haibadilishi mwendo wa mtu. Lakini Gichana alikuwa ameshawaeleza kwamba mimi si mnyakuzi, eti ni mtu wa kompyuta tu, na wakanihurumia. Sikuomba huruma yake. Nitamkumbuka nikiwa mwalimu.

Hata hivyo kazi imekwenda. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye ufito na kukiandikia kila saa. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia kama saa tano unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu. Kwa hiyo mabenchi yakae upande wa juu, yaangalie ziwa, na ukuta mfupi uwe nyuma. Hilo nimeligundua mimi. Gichana hata kitambaa hana.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya kuchora. Nimeketi mbele ya mashine tangu alfajiri nikiwa na uji na ile programu ya kuchora kwenye disketi tatu. Nguzo nane, zimesimama. Sakafu, imelala. Ukuta mfupi, mzuri ajabu. Nikiamuru, banda lote linageuka taratibu kwenye skrini ili mtu alione kutoka upande wa ziwa, upande wa soko, hata kutoka juu kama anavyoliona mwewe. Jirani yangu alipita kuomba chumvi, akasimama, akasahau chumvi.

Tatizo lilikuwa paa. Hapa Homa Bay, nyumba za zamani za nyasi zina kijiti kilichochongoka, kimesimama juu kabisa ya paa, pale nyasi zinapokutana. Nilikichora. Mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikakichora tena. Ikaganda. Mara ya tatu ilitoa sauti ambayo cherehani haikuwahi kutoa.

Nikakaa nikafikiri kama mtaalamu. Kijiti hicho kinazuia mvua? Hapana. Kinatoa kivuli? Cha ukubwa wa mjusi. Kinabeba mzigo? Hakibebi. Kitabu kinasema kitu kisicho na kazi kwenye jengo ni uchafu. Nikakiondoa. Paa likawa laini, mviringo mtupu juu, na mashine ikaanza kuligeuza bila kulalamika.

Ningeweza kumuuliza mtu kijiti ni cha nini. Lakini ukianza kuulizauliza, watu watadhani hujui.

Ijumaa, 7 Februari

Stima imepotea tangu asubuhi. Sikukata tamaa. Nilifunga kompyuta na printa iliyokuja nayo kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya boda boda, nikavikumbatia kwa nyuma huku nikikimbia, hadi kwa Maxwell, fundi wa kuchomea mageti, ambaye ana jenereta. Tulikubaliana nitumie moto wake akiwa hachomi.

Hakutimiza. Kila akichoma, banda langu linanywea kwenye skrini hadi linakuwa kama uyoga, kisha linarudi. Nilimwomba asubiri dakika kumi tu. Alisema mwenye geti ni askari. Kati ya geti na geti nilifaulu kuchapa karatasi nne kwa printa, moja ikiwa na mstari mweusi katikati ambao si sehemu ya banda.

Ile iliyo safi zaidi nimempelekea Adhiambo. Kuna mama anayepeleka samaki soko la Rangwe, ameahidi kumfikishia mkononi. Nyuma yake nimemwita binti wa Rangwe kwa lugha yao: Nyar Rangwe, hili ndilo litakalokurudisha. Nyumba imekuwa kimya sana siku hizi, na mimi sijui kupika chochote kisichotoka majini.

Jumapili, 9 Februari

Jibu limefika, nikiwa natoka kanisani. Ameandika juu ya karatasi yangu ileile, kwa kalamu nyekundu, karibu na paa. Maneno machache: hii nyumba ni ya nani? Usimwonyeshe mtu yeyote kabla hatujaongea. Njoo.

Nimeisoma mara tisa. Nimefurahi hadi nimekosa hamu ya chakula. Maana yake iko wazi kabisa. Ameuliza ni ya nani kwa sababu haamini mume wake anaweza kuchora kitu kizuri namna hiyo. Na ameniambia nisimwonyeshe mtu kwa sababu anaogopa Gichana ataniibia. Mwanamke huyu ana akili ya biashara, nimesema siku zote.

Kwenda Rangwe sitaenda. Nafasi haipo, maonyesho ni Jumatano. Nitakwenda nikiwa mwalimu. Lakini siri nitaitunza kama alivyosema. Kuanzia leo, binadamu yeyote asilione banda hili hadi mbele ya kamati. Mama Truphena aliomba kuona kidogo tu, nikaficha karatasi ndani ya shati. Akasema mtoto wa watu, unaumwa nini.

Jumatatu, 10 Februari

Nimetengeneza mfano wa banda kwa katoni za maziwa, nikifuata vipimo vya kompyuta. Nyasi za paa ni ufagio uliokatwa vipandevipande. Juu ni laini, safi, hakuna kijiti. Nimeufunika kwa kitenge ambacho Adhiambo alikisahau, au alikiacha makusudi. Mimi nasema makusudi.

Mchana nilipita karibu na banda la kazi la Gichana, kwa bahati, mara nne. Amechora kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa. Kwa penseli ya seremala! Nguzo zake zimepinda, benchi lake linaangalia soko. Na juu ya paa, nusura nicheke kwa sauti, ameweka kile kijiti. Tena amekikoleza. Nilimuuliza ni cha kazi gani. Akasema ni cha Mzee Javan. Nikamwambia Mzee Javan ana fimbo tayari.

Akataka kusema jambo. Nikamwambia asinipe siri zake, tukutane Jumatano.

Basi nimepata silaha. Nikifika mbele ya kamati nitaanza na hicho kijiti. Nitawaonyesha kwamba mwenzangu ameiga ya kale bila kufikiri, na mimi nimefikiri. Nimeifanyia mazoezi hotuba mbele ya kioo cha kabati. Imenitoa machozi.

Jumatano, 12 Februari

Niandike yote kwa utaratibu, ijapokuwa mkono hautaki.

Darasa la chuo lilijaa. Mzee Javan alikaa mbele na fimbo yake, kando yake mke wake mkubwa, Mama Priscah. Wajumbe saba. Edith, katibu wa kamati, na kitabu chake. Nyuma kabisa akina mama wa samaki, walioletwa na Gichana, eti kwa kuwa wao ndio watakaokaa humo. Stima ilikuwepo. Kompyuta iliwaka kwa jaribio la kwanza. Nilijua siku ni yangu.

Gichana alianza. Alionyesha mfuko wake wa saruji, akaongea dakika tatu, akakaa. Watu waliitikia kwa vichwa. Basi.

Mimi nikasimama. Nikageuza skrini iwaelekee, banda likaanza kuzunguka, na wakati huohuo nikavuta kitenge. Chumba kizima kikanyamaza. Nimewahi kusikia juu ya kimya cha namna hiyo, kile kinachokuja kabla ya makofi. Nikaendelea kwa nguvu. Nikasema wenzangu mtaona kuna kitu nimekitoa. Nikasema: Mzee wetu Javan, kile kijiti chako cha juu ya paa nimekiondoa, kabisa, na sioni sababu ya kukirudisha.

Mama Priscah alijifunika leso kichwani. Mjumbe mmoja mzee akavua kofia. Kutoka nyuma nikasikia mtu anaanza kulia, kilio kile cha kweli, cha matangani, na mwingine anamziba mdomo. Mzee Javan hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa upole ni nani aliyeniambia kwamba amekufa.

Edith ndiye aliyenieleza, kwa sababu wengine walikuwa hawawezi. Kijiti kwa Kijaluo kinaitwa osuri. Kikiwa juu ya paa, kinasema mwenye boma yuko hai. Siku anapofariki, kinavunjwa, na mtu yeyote apitaye njiani akiangalia paa anajua nyumba hiyo imepoteza baba. Banda lina jina la Mzee Javan. Kwa hiyo nimemzika mwenyekiti mbele ya kamati yake, mbele ya mke wake, na kwenye skrini maiti inaendelea kuzunguka polepole kwa sababu mashine ilikuwa imeacha kusikiliza vitufe na haikubali kuzimwa.

Edith alisoma matokeo akiwa amesimama mlangoni. Gichana ameshinda. Mimi niliombwa nisipite karibu na boma la mzee kwa sasa.

Gichana alinisaidia kubeba mashine hadi nje. Aliwaambia watu sikuwa na nia mbaya, ni mgeni tu. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya chuo na nikalia. Sitarembesha, shajara ni yangu. Nililia kwa sababu ya Adhiambo, na kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia akunje nguo.

Alhamisi, 13 Februari

Habari husafiri na samaki. Kabla ya saa nne asubuhi Rangwe nzima ilikuwa imejua kwamba mkwe wao amemuua mtu mzito wa Homa Bay kwa kompyuta. Saa sita Adhiambo alikuwa mlangoni.

Hakunisalimu. Alisema: nilikuandikia. Nikamwambia niliitunza siri kama alivyotaka. Akakaa kitandani, akaanza kucheka, akajizuia, akaanza tena, na mwisho sikujua kama anacheka au analia. Akaomba kisu. Nilimpa nikiwa na wasiwasi. Alivunja kipande cha ufito, akakichonga ncha vizuri, akakichomeka juu ya paa la mfano wangu, katikati. Kilikaa kana kwamba kilizaliwa pale. Akasema twende, na mimi nisifungue mdomo.

Bomani kwa Mzee Javan hali ilikuwa mbaya. Mama Priscah hakuwa amepika tangu jana, na majirani wawili walikuwa wamekuja kutoa pole. Adhiambo alipiga goti, akasalimu, akaweka mfano mbele ya mzee, akaongea Kijaluo kwa kirefu. Sikuelewa sana. Nilisikia jina langu mara sita, na kila lilipotajwa watu walicheka. Mara ya sita mzee alicheka hadi akakohoa, akaletewa maji. Alishika kile kijiti kwa vidole viwili, akakitikisa kuona kama kimekaa imara. Kisha akamwambia Mama Priscah aweke chai.

Ushindi ni wa Gichana, hilo halibadiliki. Ila kuna mambo mawili. Gichana mwenyewe alikuja, akasema mabenchi yakae jinsi nilivyochora mimi, kwa kuwa kuhusu upepo nimesema kweli na yeye alikosea. Na akasema kufundisha kila siku hakuwezi, ana kazi za mbao. Kwenye chuo anahitaji msaidizi anayejua rula. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba kila nitakachochora Adhiambo akione kwanza. Msaidizi wa mwalimu. Nimeuliza: jirani ataelewa? Adhiambo akasema ataelewa, akiambiwa polepole.

Lakini hajarudi. Amepanda gari la jioni kwenda kwao. Baba yake ndiye atakayeamua, Jumamosi, akinisikia kwa masikio yake. Alinipa maagizo kituoni na nikayarudia mbele yake: nije na sukari na majani ya chai. Nisibebe mashine. Nikae nitakapoonyeshwa. Nijibu nikiulizwa. Kuhusu mama yake nisiseme wala nisifanye lolote. Alinishika mkono alipomaliza. Siku ishirini na moja hakuwa amenishika mkono.

Ijumaa, 14 Februari

Nimenunua sukari na majani ya chai. Lakini nimewaza: mwanamume anakwenda kuomba arudishiwe mke, anakwenda na sukari? Sukari hata mtu wa kuuza chumvi anaweza kubeba. Mimi nina kipaji.

Nyumba ya baba mkwe imezeeka, ukuta wa jikoni umeegemea mgomba. Basi tangu alfajiri nimemchorea nyumba mpya. Uchunguzi wa mahali sikuhitaji, boma lile nilishaliona mara mbili na nina kumbukumbu nzuri. Vyumba vinne, baraza moja refu, madirisha yanayofuata upepo. Kijiti cha juu nimeweka, mimi si mtu wa kufundishwa mara mbili. Stima imetulia mchana kutwa. Ishara njema.

Sehemu ninayojivunia ni chumba cha wageni. Kila tukienda Rangwe mimi hulazwa kwa jirani, kwa sababu mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Kwetu Kehancha ni mwiko vilevile, najua, sihitaji kuelezwa. Lakini mila hizo zilianza wakati kuta zilikuwa za fito. Nimetuwekea mimi na Adhiambo chumba kizuri kabisa, kinachopakana na chumba cha wazazi, na kwenye kompyuta ukuta wa katikati ni wa inchi tisa. Mlango mdogo nimeuweka hapohapo, ili mama mkwe akitaka chochote usiku asizunguke nje.

Mashine sitaibeba, ahadi ni ahadi. Nitabeba karatasi na mfano wa nyumba hiyo wa katoni tu, ambao haukutajwa kwenye maagizo. Adhiambo sijamwonyesha bado; sharti la Mzee Javan ni la kazi za chuo, na hii ni zawadi. Pia nataka ashtuke.

Nimepiga pasi suruali kwa kuiweka chini ya godoro. Kesho nitaondoka mapema. Mzee mkwe nitamwachia karatasi azisome mwenyewe, na mimi nitahamisha kiti changu nikae karibu kabisa na mama mkwe, nimwonyeshe kwa kidole pale nitakapokuwa nalala.